Mota Inangoja Mzani

Umeme ulikatika lifti ikiwa kati ya ghorofa ya nne na ya tatu, na ndani yake walikuwamo watu wawili: mama mgonjwa wa figo aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu, na binti yake aliyekuwa akimpeleka hospitali kusafishwa damu. Baadaye umeme ukarudi. Taa za korido zikawaka, redio ya fundi cherehani ikaanza tena kupiga kelele, feni zikazunguka. Lifti peke yake ikabaki kimya.

"Mkwe!" msusi wa ghorofa ya nne alipaza sauti kwenye ngazi, kitana kikiwa bado mkononi. "Jamani, mwiteni Mkwe! Mama mkwe wake yumo humu!"

Jengo zima lilimwita Mkwe, hata watu ambao hawajawahi kumwozesha mtu. Alikuwa akiishi ghorofa ya sita kwa mama wa mke wake, na mwanamume anayelala ukweni hakosi jina. Kazi yake ilikuwa kuandika programu zinazoamsha mitambo, na yeye ndiye aliyewashawishi wapangaji wang'oe sanduku la zamani la lifti, waweke kompyuta aliyoiandikia mwenyewe. Hakuhitaji kuitwa. Alikuwa ameshaanza kupanda kwenda paani, laptopu kwapani. Nyuma yake alipanda mwenyekiti wa wapangaji, mtu mzito, akishika ukuta kila baada ya vidato vichache.

"Umeme umerudi, dude lako limegoma," alisema mwenyekiti. "Lile la zamani umeme ukirudi lilikuwa linaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba."

"Na kila wiki lilikuwa linaacha watu katikati."

"Lilikuwa linaacha watu wazima wa afya. Lako limechagua mgonjwa."

Chumba cha mashine kilikuwa kibanda cha bati juu ya paa, na jua lilikuwa limeshakipasha. Alichuchumaa kando ya mota, akachomeka waya, akaanza kusoma mistari iliyokuwa ikipanda kwenye kioo. Breki: imeamka. Milango: imeamka. Mzani: umerudishwa foleni. Mota: imerudishwa foleni. Kisha hakuna kitu. Mstari wa mwisho ulikuwa umekaa pale tangu umeme uliporudi, umetulia kama mtu aliyemaliza kazi yake.

"Kimeharibika nini?" mwenyekiti aliuliza.

"Hakuna kilichoharibika."

"Hakuna?"

"Mota inangoja mzani. Mzani unangoja mota."

Mwenyekiti alimtazama kama mtu anavyomtazama mlevi anayeomba nauli. "Nieleze vizuri, bwana. Mimi nimesoma kidogo lakini si mjinga."

"Umeme ukirudi, kuna programu moja inaamka kwanza. Tunaiita kiini. Kazi yake ni kuwaamsha wengine. Breki, milango, mzani ulio chini ya sakafu ya lifti, mota. Sasa mmoja akisema siwezi kuanza mpaka fulani aanze, kiini kinamwambia haya, kaa foleni. Kila akiamka mwingine, foleni yote inaulizwa tena: tayari?"

"Sawa. Kama zahanati."

"Mota nimeiandikia isianze mpaka mzani uitajie uzito. Breki ikifunguka, mota inatakiwa iwe imeshaushika mzigo sawasawa, la sivyo lifti inateleza. Mzani nao lazima ujue sifuri yake iko wapi. Ulikuwa unaikumbuka kwa kibetri kidogo kama cha saa. Kibetri kimekufa. Na nimeuandikia kwamba ukiisahau sifuri, usubiri lifti ifike chini kabisa ikiwa tupu, ujipime upya."

"Na itafikaje chini bila mota?"

Mkwe alifuta jasho la pua kwa mkono wa shati.

"Yaani," mwenyekiti alisema polepole, "umefungia watu wawili vyumba viwili, kila mmoja umempa ufunguo wa mwenzake."

"Ndiyo."

"Na dude zima lisilie hata king'ora?"

"King'ora kinalia kitu kikikosea. Kusubiri si kosa. Vyote viwili vinafanya nilichoviambia."

"Basi zungusha kwa mkono! Lifti zote zinazungushwa kwa mkono!"

Wote wawili walitazama ncha ya mhimili wa mota, mahali ambapo gurudumu la mkono lingekuwapo. Palikuwa na chuma kitupu, na kutu.

"Gurudumu liliibwa kabla sijaoa hapa," Mkwe alisema.

"Najua, najua," alisema mwenyekiti upesi. Alishawahi kuwachangisha wapangaji ili linunuliwe jingine, na tangu wakati huo hakupenda mazungumzo ya gurudumu.

Mkwe alisimama. "Mzani naweza kuuruka. Naiambia mota uzito mimi mwenyewe, kwa kuandika. Lakini lazima niuandike ulio wa kweli."

"Si ni wanawake wawili na kiti? Kisia!"

"Mama mkwe wangu simkisii," Mkwe alisema, akashuka.

Kwenye ghorofa ya nne, fundi cherehani na dereva mmoja walikuwa wamefungua mlango wa nje kwa nondo. Lifti ilikuwa imekaa chini sana. Kilichoonekana ni uwazi mwembamba sakafuni, upana wa shubiri, na ndani yake giza, harufu ya grisi, na joto la pumzi za watu. Mtu mwembamba asingepita hapo, sembuse mgonjwa. Ili kuzungumza na waliomo ilibidi ulale kifudifudi. Simu hazikushika kitu ndani ya lile boksi la chuma.

Mkwe alilala chini. Uso wa mke wake ukatokea, umelowa jasho, kilemba kimekaa upande.

"Unafanya nini muda wote huo huko juu? Mama anahema!"

"Nisikilize. Nataka uzito wenu. Wewe, mama, na kiti."

"Nakuambia mama anahema, wewe unataka kutuuza kwa kilo?"

Ngazi nzima ikacheka. Watu walikuwa wamejaa kuanzia juu mpaka chini, waliokosa kazi na waliochelewa kazini, na kicheko kilishuka ghorofa kwa ghorofa mpaka kwa watu ambao hawakujua kilichosemwa.

"Bila uzito mota haitoki," Mkwe alisema. "Tafadhali."

"Mimi sitini na nne."

"Ya mwaka gani, shoga?" msusi alidakia juu ya kichwa cha Mkwe. "Ya kabla ya ndoa? Taja na hayo unayokalia!"

"Sitini na nane basi! Mmefurahi?" alifoka mke. "Kiti kumi na saba, imeandikwa hapa kwenye chuma. Mkoba weka mbili. Mama hamsini na tatu."

"Mama, ni hamsini na tatu?" Mkwe aliuliza gizani.

"Si nimekwambia? Nimempima jana asubuhi mwenyewe, bafuni, kwa macho yangu. Anatakiwa asizidi hapo na hajazidi. Mimi ndiye ninayemhesabia vikombe vya maji, si wewe."

Kutoka ndani kilisikika kikohozi kirefu chenye majimaji. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Msusi, aliyekuwa na la kusema kwa kila mtu, safari hii alikuwa akitazama kitana chake.

Mkwe alirudi paani. Fundi cherehani alisimama katikati ya ngazi kupeleka sauti.

"Waambie washike vyuma!"

"Shikeni vyuma!" fundi alipokeza, na ngazi nzima ikaitikia kama kwaya isiyofanya mazoezi: shikeni vyuma, shikeni vyuma.

Mkwe alijumlisha, akaandika namba, akairudia kuisoma, akabonyeza. Breki ilifunguka kwa mlio wa chuma. Kamba zikatetemeka. Halafu gurudumu kubwa la kamba likateleza ghafla upande wa kushuka, mota isiweze kulishika, na breki ikabana tena kwa kishindo kilichofika miguuni. Kutoka shimoni ulipanda ukelele mmoja wa mwanamke.

"Wako wazima!" fundi alipaza sauti baada ya muda. "Imeshuka kidogo tu! Wako wazima, ila mama anapumua vibaya!"

Kioo kilisema alichokijua tayari: mzigo ulikuwa mzito kuliko uliotajwa.

"Ongeza," mwenyekiti alisema. Sasa hata yeye alikuwa ameshusha sauti. "Ongeza kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo, bwana! Kama chumvi!"

"Nikizidisha inaruka juu, na huko nako ni kuteleza. Mwenyekiti, chini ya lifti kuna kabari. Ikiteleza mara ya pili zinauma reli za ukutani. Zikishauma, hakuna kompyuta ya kuziachisha. Ni zimamoto na misumeno."

"Zimamoto wako njiani."

"Walisema wako njiani kabla umeme haujarudi."

Mwenyekiti aliketi juu ya ndoo. "Na zamu yake hospitali?"

"Akiikosa leo, mashine anapewa mwingine. Na vile anavyohema, sidhani kama atafika zamu inayofuata."

Mkwe akasimama mlangoni akifikiri. Kiti kilikuwa na namba yake kwenye chuma. Mke wake alikuwa ameshatajiwa makalio mbele ya jengo zima, asingekuwa na sababu ya kudanganya tena. Alibaki mama. Kila asubuhi Mkwe ndiye aliyemnyanyua kutoka kitandani na kumweka kitini. Walikuwa na adabu yao ya kufanya hivyo: yeye anageuza uso ukutani, mama anajifunika mtandio, na hakuna anayesema neno mpaka kazi iishe. Siku hizi chache alikuwa amehisi mzigo umeongezeka. Alidhani ni mgongo wake unaanza kuzeeka.

Akashuka tena, akalala tena kifudifudi kwenye sakafu ile ile iliyokanyagwa na kila mtu. Kwa kuwa lifti ilikuwa imeteleza, uwazi ulikuwa umepungua. Aliona kichwa cha mama mkwe wake kutoka juu, mtandio umeanguka mabegani, nywele nyeupe zimelowa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mkwe." Ilimchukua pumzi mbili kuyasema.

Mtu mmoja kwenye ngazi akacheka. "Salamu tena? Atauliza na habari za nyumbani!"

"Mama, nataka kukuuliza jambo ambalo mkwe haulizi."

"Hamsini na tatu!" mke alisema. "Mara ngapi?"

"Namuuliza mama. Sikuulizi wewe."

Hajawahi kumsemesha mke wake hivyo, si chumbani, sembuse mbele za watu. Mke alifumba mdomo. Ndani ya lifti kilisikika kifua cha mama tu, kama mtu anayeburuta gunia kwenye changarawe.

"Watu waondoke," mama alisema hatimaye.

Mkwe alisimama. "Jamani, naomba mshuke. Mama anataka kusema na mimi."

"Hizi ngazi ni za wote," alisema mwenyekiti, aliyekuwa ameshuka nyuma yake. "Jambo la lifti ni la jengo. Mimi kama kiongozi lazima niwepo."

"Mwenyekiti," msusi alisema bila kumtazama, "panda huko juu ukalilinde gurudumu lako."

Waliocheka walicheka kwa nguvu, na mwenyekiti akapanda. Wengine wakashuka vidato vichache, wakasimama hapo wakitazama ukuta, kila mmoja akijifanya kiziwi. Msusi hakuondoka. Mkwe alipomwangalia, alichuchumaa kando yake.

"Mkwe," alisema kwa sauti ndogo. "Kuna dumu."

"Dumu gani?"

"Mfuko wa nyuma ya kiti, chini ya shali. La lita tano. Limejaa. Mimi ndiye ninayemjazia."

Ndani ya lifti zilisikika purukushani za mfuko, kisha mtikisiko wa maji. Ikafuata sauti ya binti, nyembamba kama ya mtoto.

"Mama. Maji?"

Mama akageuza uso pembeni.

"Unaruhusiwa vikombe viwili kwa siku! Viwili! Mimi mwenyewe nakunywa nimejificha jikoni usinione, nakojoa nimefungulia bomba usinisikie, halafu wewe unatembea na dumu? Unataka kufa?"

"Nataka kunywa," mama alisema.

"Na wewe huko juu, shoga! Unajiita shoga yangu! Unamwua mama yangu unanisuka na nywele!"

"Aliniambia ya kusukutua tu," msusi alisema.

"Lita tano za kusukutua? Ana meno mangapi?"

Hakuna aliyecheka. Msusi alivuta ncha ya gauni lake, akafuta macho, akabaki amechuchumaa.

"Lipitishe hapa," Mkwe alisema. "Tupunguze mzigo."

Dumu lilikataa kupita likiwa wima. Binti alilipindua, akalisukuma, likakwama, likatoka kwa kukwaruza chuma. Mkwe akaliweka kando sakafuni. Lilikuwa la manjano, na kamba ya nguo imefungwa shingoni. Viziwi wote wa kwenye ngazi walikuwa wamegeuza shingo kulitazama, na mama, kule chini, alijua kwamba wanalitazama. Akavuta mtandio akafunika uso.

"Bado, Mama," Mkwe alisema. "Dumu tumelitoa. Umebaki wewe."

"Mwambie," binti alisema. "Mwambie hamsini na tatu tuondoke."

"Ule mzani wa bafuni." Mama alivuta pumzi, akaendelea chini ya mtandio. "Ukinipima, mimi nashika sinki."

"Unashika vipi?" binti aliuliza.

"Kwa mkono wa nyuma. Wewe unakuwa umeinama kusoma namba, hunioni. Nikikandamiza, inashuka. Naikandamiza mpaka unapofurahi."

"Tangu lini?"

"Tangu mara ya mwisho kule hospitali. Muuguzi aliposema nimezidi kidogo. Ukanipigia kelele mbele ya watu wote. Ukawauliza wagonjwa wenzangu kama wamewahi kuona mtu mzima mwongo kama mimi. Yule babu wa mashine ya pembeni akaniambia pole, mama, watoto wa siku hizi. Akanionea huruma mtu ambaye mwenyewe hana miguu."

"Nilisema vile kwa sababu naogopa, Mama."

"Najua. Mimi nikashika sinki kwa sababu nakuogopa wewe."

Taa za korido zilififia, zikawa nyekundu, zikarudi. Fundi cherehani alipiga kelele kutoka juu kwamba umeme unataka kukatika tena. Mkwe alikandamiza shavu kwenye sakafu.

"Ngapi, Mama?"

"Ulipokuwa kazini, na huyu yuko sokoni, nilijipima. Nilisimama peke yangu, sikushika kitu." Alihema. "Sitini."

"Jana?"

"Juzi."

"Na tangu juzi umekunywa?"

Aliyemjua mama yule alijua kwamba hapo ndipo palipokuwa pagumu. Sitini ilikuwa imeshatoka, ingeweza kumtosha. Akainua mtandio, akatazama juu, na kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake akamwangalia mkwe wake machoni.

"Weka moja. Hapana. Weka mbili, Mkwe. Sitaki tuanguke kwa sababu ya aibu yangu."

Binti aliteremka kwa mgongo ukutani akaketi sakafuni, karibu na miguu ya mama yake. Asubuhi alikuwa ameivisha soksi miguu ile na kuona zinabana, akadhani soksi zimesinyaa kwa kufuliwa. Alikuwa akihesabu kwa vidole. "Kilo tisa," alisema. "Kilo tisa za maji."

Mkwe alikuwa ameshaanza kupanda, vidato viwili viwili.

Kwenye chumba cha mashine mwenyekiti aliondoka kwenye ndoo bila kuambiwa. Mkwe aliandika sitini na mbili mahali pa hamsini na tatu, akafanya hesabu upya, akaisoma kwa sauti, akamwomba mwenyekiti naye aisome. Mwenyekiti akaisoma kama anayesoma hukumu.

"Washike vyuma!"

Ngazi haikuitikia kama kwaya. Fundi peke yake alisema, na wote walisikia.

Akabonyeza. Mota ilivuma kwanza, breki ikiwa bado imebana, ikiupokea mzigo. Breki ikafunguka. Gurudumu kubwa lilisimama. Halikwenda huku wala kule. Lilikaa hivyo kwa muda ambao mwenyekiti alimshika Mkwe bega akaliminya bila kujua, halafu likaanza kuzunguka taratibu, upande wa kushuka.

"Inakwenda!" sauti ililipuka chini. "Inakwenda, jamani!" Na miguu ya watu ikaanza kukimbia ngazi, wakishindana na lifti kufika chini.

Mkwe naye alikimbia. Alipofika, mlango ulikuwa umefunguka na watu wamepisha njia kama ya bibi harusi. Binti alikuwa akisukuma kiti nje, mdomo umekaza. Mama alikuwa ameegemea nyuma, midomo imeingia rangi ya majivu, lakini macho wazi. Hakuna aliyepiga makofi. Yule dereva alikuwa ameshaleta gari mlangoni.

Nyuma yao lifti tupu ilitoa mlio mfupi. Mzani ulikuwa umejipima, umeipata sifuri yake, na mota, iliposikia hivyo, nayo ikaamka. Namba ya ghorofa ikawaka juu ya mlango kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea.

"Imepona!" alisema mwenyekiti, aliyefika wa mwisho. "Nilisema itapona. Haya, watu wapande, wamesimama vya kutosha. Wenye mizigo mbele."

Mkwe aliingiza ufunguo kwenye tundu la ukutani, akauzungusha, akauchomoa. Namba ikazimika.

"Umefanya nini?"

"Nimeizima. Umeme ukikatika tena itarudia vilevile. Niliviandikia vitu viwili vingojeane, na sikuona. Siiwashi mpaka nimeandika upya."

"Wewe kijana, kuna watu wanakaa ghorofa ya saba! Kuna wazee! Ulituahidi lifti!"

"Niliahidi. Nimekosea. Pandeni kwa miguu."

"Bwana Ngazi!" mtu akapiga kelele nyuma, na jina likapendwa hapo hapo, watu wakalionja midomoni. Bwana Ngazi. Mwenyekiti alinyoosha kiganja.

"Nipe huo ufunguo. Mimi ndiye mwenyekiti."

Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwa Mkwe. Angeweza kuutoa. Jengo lilikuwa lao, nyumba ilikuwa ya mama mkwe, hata jina halikuwa lake. Akautia mfukoni.

"Mkwe," mama aliita kutoka kwenye gari, pumzi moja kwa kila neno. "Mbona umesimama? Njoo. Twende wote."

Hajawahi kwenda naye hospitali. Hiyo ilikuwa kazi ya binti. Akapenya katikati ya watu, akapanda gari.

Gari likaondoka upesi. Binti alikuwa amevua soksi za mama yake na kuipakata ile miguu. Alibonyeza kifundo kimoja kwa kidole gumba, akatoa kidole, shimo likabaki. Akalitazama mpaka likajaa, hakubonyeza tena.

Kwenye wodi ya figo muuguzi alikuwa mezani, mashine zote nyuma yake zikizunguka isipokuwa moja.

"Mmechelewa. Nilikuwa naiita familia nyingine sasa hivi." Alimtazama mama usoni, akaacha kugomba, akamwita mwenzake alete oksijeni. Walipokwisha kumwekea, alivuta karatasi, akamgeukia binti kama alivyofanya kila mara. "Amekunywa kiasi gani tangu siku ile?"

Binti alifungua mdomo. Majibu yake yalikuwa tayari siku zote: vikombe viwili, dada, vikombe viwili na supu kidogo. Mkwe alimwona akivuta pumzi ya kuyasema, kisha akaiachia.

"Si yupo hapa?" alisema. "Muulize mwenyewe."

Muuguzi aligeuka. Mama alisogeza kidogo kifuniko cha oksijeni ili sauti ipite. Alimtazama binti yake, si muuguzi.

"Usiku ule ule tulipotoka hapa," alisema, "nilikunywa jagi."

"Jagi la kiasi gani?"

"Lile kubwa. La wageni."

Mtu wa mashine ya pembeni aligeuza kichwa. Binti alifumba macho, mikono ameibana magotini. Mkwe, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, alimwona akiumeza ule ukelele wa kumgombeza mama, na ulikuwa mkubwa, ulishuka kwa shida.

Kalamu ya muuguzi ilisimama juu ya karatasi. Mama alikuwa akimngoja binti yake.

"Endelea, Mama," binti alisema.